Uji wa asubuhi na reli ya zamani: mama anakumbukaje hiki na kusahau kile?

Swali: Daktari, kamwene. Nakuandikia kutoka Makambako. Mama yangu ana miaka 74. Asubuhi anakunywa uji, na kabla sijaosha kikombe ananiuliza, "Leo hatunywi uji?" Lakini muulize habari za Wachina walipokuwa wanajenga reli, enzi hizo yeye ni msichana anawauzia mayai, atakusimulia mpaka jua lizame, na majina ya wenzake yote anayataja. Mikono yake bado inasuka vikapu vya milulu kama zamani. Kaka zangu wanasema anajifanya. Shangazi anasema amerogwa. Kituo kimoja cha afya nilikompeleka niliambiwa ni uzee tu, nikarudi naye. Naomba unieleze: huo uji wa asubuhi umekwenda wapi? Umefutika, umejificha humo kichwani, au haukuingia kabisa?

Jibu: Kamwene, dada. Pole kwa ulezi. Nianze na lile uliloliweka mwishoni, maana ndilo linalofungua mengine. Kwa jinsi unavyomweleza mama, uji wa asubuhi kwa sehemu kubwa haukuwahi kuingia ghalani. Ulimi uliuonja, tumbo lilishiba, maneno mliyozungumza mezani aliyaelewa na kuyajibu vizuri, lakini njia ya kuyapeleka ndani yakahifadhiwe imeharibika. Nasema "kwa sehemu kubwa" kwa makusudi, na huko mbele utaona kwa nini sithubutu kusema "kabisa".

Sijampima mama, kwa hiyo siwezi kumwandikia ugonjwa kwa barua. Ulichoeleza kinafanana sana na ugonjwa wa Alzheimer, na nitakujibu kwa msingi huo. Vipimo vya kufanya kabla mtu hajampa mama jina hilo nitavitaja.

Chukua barabara yetu. Mzigo unaotoka Dar es Salaam kuja Makambako lazima upande mlima wa Kitonga. Unajua lori likilala pale kwenye kona mambo yanavyokuwa: foleni ya malori inashuka mpaka chini, abiria wanateremka kwenye mabasi, hakuna anayepita. Siku hiyo ukizunguka sokoni Makambako huoni tofauti yoyote. Sukari ipo, mafuta yapo, saruji ipo, vyote vilivyopanda mlima wiki na miezi iliyopita. Kinachokosekana ni mzigo uliopakiwa jana. Mgeni akiona rafu zimejaa atasema biashara inakwenda vizuri, tena atakuona mwongo ukimwambia njia imefungwa. Kaka zako wanasimama mbele ya rafu zilizojaa.

Kitonga ya ubongo iko ndani ya kichwa usawa wa masikio, moja kulia na nyingine kushoto. Hapo pana sehemu mbili zinazopakana. Moja inaitwa hipokampasi, kinofu kilichojikunja, urefu wake kama kidole kidogo cha mkono. Nyingine ni lango la kuingilia huko, nayo inaitwa entorainali. Unapokunywa uji, ladha inashughulikiwa sehemu yake ya ubongo, sura ya binti aliyeleta kikombe sehemu yake, sauti ya redio sehemu yake, mahali ulipokaa sehemu yake. Vipande hivyo vyote hukusanyika langoni. Kisha seli za tabaka la pili la lango hilo huvisafirisha kwa nyuzi zake hadi hipokampasi, nayo huvifunga pamoja viwe tukio moja: uji, leo, jikoni, na binti yangu. Visipofungwa hutawanyika ndani ya dakika chache, mara nyingi hata kabla kikombe hakijaoshwa.

Sasa, seli za tabaka hilo la pili ndizo zinazoshambuliwa mapema kuliko karibu zote. Ndani ya kila seli ya neva kuna protini iitwayo tau, kazi yake kuimarisha vijiti vinavyobeba chakula na vifaa kutoka upande mmoja wa seli hadi mwingine. Kwenye Alzheimer, tau huachia vijiti na kujisokota kuwa mafundo, na seli hudhoofika hatua kwa hatua mpaka kufa. Mwaka 1991 Heiko Braak na Eva Braak, wanasayansi wa Ujerumani, walionyesha kwamba mafundo hayo hayatokei ovyo. Huanzia eneo la lango, huingia hipokampasi, ndipo husambaa kwingine. Miaka mitano baadaye watafiti wa Marekani walihesabu seli zenyewe kwenye bongo za marehemu. Waliokufa ugonjwa ukiwa mchanga kabisa walikuwa wamekwisha kupoteza kama asilimia 60 ya seli za tabaka la pili, na waliofika hatua nzito kama asilimia 90. Namba hiyo ya kwanza huwa inaniuma. Mtu bado anajipikia, bado anakwenda ibadani na kuimba, majirani hawajagundua lolote, na zaidi ya nusu ya wachukuzi wa langoni wameshaondoka.

Kuna na protini ya pili, amiloidi, inayoganda nje ya seli na kuwa mabaka. Hiyo huanza kujikusanya miaka mingi kabla ya dalili, mara nyingi zaidi ya kumi. Lakini ukitaka kujua mgonjwa amesahau kwa kiasi gani, kuhesabu mabaka hakukusaidii sana. Mwaka 1991 Robert Terry na wenzake walionyesha kwamba kinachoendana zaidi na kupotea kwa akili ni upungufu wa sinapsi, yaani zile sehemu ndogo mno ambapo seli moja hupokezana ujumbe na nyingine. Seli huachana mikono kabla hazijafa. Ndiyo maana nakueleza habari za njia na sikuelezi habari za ubongo "kuoza", neno ambalo nalisikia mara nyingi kliniki na silipendi. Majaribio ya panya yaliyotangazwa mwaka 2012 yalionyesha pia kuwa tau mbovu iliyowekwa langoni tu huvuka kwenda seli jirani kwa kufuata nyuzi zizo hizo zilizounganisha seli. Njia iliyokuwa ikibeba kumbukumbu inageuka kuwa njia ya kubebea ugonjwa.

Basi reli na Wachina vimebakije? Hipokampasi haikai na mzigo milele. Usiku mtu anapolala huurudiarudia, na polepole gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, hujijengea miunganiko yake lenyewe, mpaka tukio lisimame bila kuitegemea sana ile njia ya awali. Kazi hiyo huchukua miezi, hata miaka. Mama aliuza mayai mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ule wanachonga kipande kigumu kuliko vyote, Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja mengi. Ameisimulia habari hiyo pengine mara mia tano tangu hapo, jikoni, shambani, misibani. Kila akiisimulia anaipigilia upya. Uji wa leo haukupata hata usiku mmoja wa kurudiwa.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hulikosea. Kwenye mlango wa hipokampasi kuna sehemu ambayo kazi yake ni kutenganisha mambo yanayofanana. Uji wa leo na wa jana ni ndugu mapacha: kikombe kilekile, kigoda kilekile, binti yuleyule. Wewe unaweza kuvitofautisha kwa sababu sehemu hiyo inaandika kila siku kwa alama yake. Inapokosa mzigo mzuri kutoka langoni inashindwa kutenganisha, na seli zinazofuata, badala ya kunyamaza, hupiga kelele kupita kiasi na kuelekea kurudisha mambo ya zamani yaliyokwisha kuwamo. Wagonjwa wa hatua ya mwanzo wameonekana hivyo kwenye picha za ubongo: sehemu hiyo inafanya kazi mno, wala haijalala. Mwaka 2012 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwapa watu wa hatua hiyo dozi ndogo ya dawa ya kifafa, kelele ikapungua na jaribio la kumbukumbu likaenda vizuri zaidi. Tafadhali usikimbilie duka la dawa kwa sababu ya sentensi hiyo; halijawa tiba. Nimeitaja ili uelewe kwamba mama anapochanganya jana na leo, au anapouliza kama mama yake aliyefariki amesharudi shambani, ubongo wake unafanya kazi kwa nguvu juu ya mzigo mchache.

Sasa lile "kwa sehemu kubwa". Mwaka 2016 maabara ya Susumu Tonegawa, kwenye chuo kikuu cha MIT, Marekani, ilichukua panya waliotengenezwa kuwa na ugonjwa unaofanana na Alzheimer wa mwanzo. Panya alishtuliwa miguu ndani ya kisanduku fulani, na kesho yake akirudishwa humo hakuonyesha hofu, kana kwamba hakijatokea kitu. Lakini seli zilizoshiriki kuandika tukio hilo zilikuwa zimewekewa alama, na watafiti walipozimulika kwa mwanga maalumu, panya aliganda kwa hofu. Kumbukumbu ilikuwamo, njia ya kuifikia ndiyo iliyokuwa imekatika. Panya si mama, na ugonjwa ukishaua seli hakuna mwanga wa kuzirudisha. Hata hivyo kwa hatua za mwanzo jibu la swali lako ni la pande mbili: mengi hayaingii, na machache huingia yakakosa njia ya kutokea. Ndiyo maana siku moja moja atakushangaza kwa kukumbuka jambo la juzi, na ndugu watapata la kusema: "Si unaona? Anajua sana huyu."

Hajifanyi, dada. Mgonjwa wa kwanza kuelezwa kwa ugonjwa huu, mama mmoja wa Frankfurt aitwaye Auguste Deter, alilazwa mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Alois Alzheimer alimkuta anakula chakula cha mchana, nyama ya nguruwe na koliflawa, akamuuliza anakula nini. Akajibu mchicha wa kizungu. Alionyeshwa kalamu, funguo, mkoba, akavitaja vyote sawasawa. Punde kidogo hakumbuki kama alionyeshwa kitu. Alifariki mwaka 1906, na mwaka huohuo Alzheimer akaeleza mbele ya wenzake mabaka na mafundo aliyoyaona kwenye ubongo wake kwa hadubini. Msomee shangazi habari hiyo kwa upole. Mambo ya kurogwa, huku kwetu, hayaishii kwenye maneno: yakishatamkwa kwa nguvu anatafutwa wa kulaumiwa, na mara nyingi ni bibi mwingine jirani, mnyonge kama mama yako. Naomba neno hilo lisitamkwe tena nyumbani kwenu.

Na vikapu? Hapa naomba ukumbuke kwamba ile reli aliyoiona mama ikijengwa inafika Makambako bila kupita Kitonga. Ubongo nao una njia nyingine. Ujuzi wa mikono, kusuka, kupalilia, kupepeta, hauandikwi na hipokampasi. Uko kwenye sehemu za ndani zaidi na kisogoni. Tulijifunza hilo kwa Henry Molaison wa Marekani, aliyefanyiwa upasuaji mwaka 1953 kutibu kifafa, hipokampasi zake zikaondolewa sehemu kubwa. Tangu siku hiyo hakushika tukio jipya hadi alipofariki mwaka 2008. Lakini mwanasaikolojia Brenda Milner alipomfundisha kuchora nyota huku anaiangalia kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa kila siku aliapa hajawahi kufanya kitu kama hicho. Mtazame mama anapoushika mlulu: kidole gumba kinabana, cha shahada kinapitisha chini, kinavuta, na wala haangalii. Hakuna kilichoharibika hapo. Mpe milulu kila siku saa ileile, umketishe barazani penye jua. Asipomaliza kikapu si neno.

Hisia nazo zina njia yake, na hili naliona kubwa kuliko yote niliyoandika. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Iowa waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu za huzuni na za kuchekesha. Muda mfupi baadaye wengi hawakukumbuka walichotazama, ila huzuni au furaha ilibaki ndani yao. Ukimfokea mama kwa sababu ya swali la uji, maneno yatapotea na uchungu utabaki. Mchana atakuwa mkali au atalia bila kujua kisa. Kwa hiyo usimwambie "si nimeshakwambia". Mjibu kama ni mara ya kwanza, maana kwake ni mara ya kwanza. Na kikombe usikioshe haraka. Kiache mezani mbele yake, kina mabaki ya uji, aone kwa macho yake. Macho hayahitaji kupanda Kitonga.

Lango hilohilo la entorainali ndilo lenye ramani ya mahali. Edvard Moser na May-Britt Moser wa Norwei waligundua humo mwaka 2005 seli zinazopima nafasi kwa mpangilio wa pembe sita kama sega la nyuki, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 pamoja na John O'Keefe wa London, aliyekuwa ametangulia kuona seli za mahali ndani ya hipokampasi. Kwa hiyo usishangae mama akipotea njia ya shambani aliyoipita miaka 50. Na ndugu wa Dar wakisema "mleteni huku apumzike", fikirini mara tatu: nyumba mpya inamtaka aandike ramani mpya, na hana cha kuandikia. Mshonee namba yako ya simu kwenye pindo la kitenge, mjulishe balozi na wauza duka wa njiani. Juni na Julai, kwa baridi yetu na ukungu, usiku mmoja nje unatosha kumuua. Baridi hiyohiyo isiwafanye mlale na jiko la mkaa ndani. Hewa yake ya sumu ikiwa haikuua, hipokampasi ni miongoni mwa sehemu inazoziumiza, hata kwako wewe mzima.

Kuhusu hospitali: "ni uzee tu" si jibu. Wazee wengi hufika miaka 80 na kumbukumbu safi. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili, Alzheimer ikiwemo, kwa watu kama 6 katika kila 100 waliofikisha miaka 70. Wengi si wachache hao. Ni wale 94 wasio nayo. Mpeleke tena, ikibidi hospitali ya rufaa, na uombe kwa jina: presha, sukari, damu, vitamini B12, homoni za tezi la shingo (nyanda zetu zina historia ya upungufu wa madini joto, sote tumewaona bibi zetu wenye rovu), kaswende na VVU. Usione haya kuhusu hicho cha mwisho. Njombe, Iringa na Mbeya zimo kwenye mikoa yenye maambukizi mengi nchini, wazee hawapimwi kwa sababu tunawaheshimu, na virusi hivyo huweza kuharibu kumbukumbu kwa namna inayotibika. Kama aliwahi kuanguka akajigonga kichwa miezi ya karibuni, sema. Damu inaweza kuvuja taratibu juu ya ubongo, na picha ya CT huionyesha. Apimwe na masikio. Asiyesikia hawezi kukumbuka alichoambiwa.

Beba dawa zake zote kwenye mfuko, hata za mafua. Piritoni, dawa ya mafua na mzio, anayomeza mzee kila usiku ili apate usingizi, au amitriptilini ya maumivu ya miguu, huzuia asetilikolini, kemikali ambayo lango na hipokampasi huihitaji ili kuandika, na ambayo kwenye Alzheimer imeshapungua. Nimewahi kuona mama aliyeletwa akiwa amechanganyikiwa akarudi kuwa mtu wiki tatu baada ya kuachishwa piritoni peke yake. Dawa iitwayo donepezili hufanya kinyume chake: huizuia asetilikolini isivunjwe haraka. Inasaidia baadhi kwa kiasi, haizuii ugonjwa, na mapigo ya moyo yapimwe kwanza. Zile sindano mpya ambazo pengine umezisikia, lecanemab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024, husafisha amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa kidogo kwa walio hatua ya mwanzo, kwa ufuatiliaji wa picha za mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Seli za lango hazirudishi. Msiuze shamba kwa ajili yake.

Nina swali moja ambalo ningependa unijibu kabla hujakwenda hospitali. Dalili ya kwanza kabisa ilikuwa nini, na mwaka gani? Kama ilianza taratibu kwa kurudia maswali, ninayoyaandika hapa yanamhusu. Kama ilianza ghafla baada ya siku fulani, au alianza kwa kuona watoto au wanyama chumbani wasiokuwepo, au tabia ilibadilika kabla ya kusahau, basi inawezekana ni ugonjwa mwingine na baadhi ya dawa zinaweza kumdhuru. Waulize na kaka zako, kila mmoja kwa wakati wake, uandike kwenye daftari mlivyokumbuka kabla hamjajadiliana.